Jenerali Dallaire na amri mbili za Kigali

Majenerali wengi huagwa kwa gwaride na bendi. Luteni Jenerali Roméo Dallaire wa Kanada aliagwa na madaktari. Aprili 2000, akiwa na miaka 53, jeshi lilimstaafisha kwa sababu za afya, na kabla mwezi Juni haujaisha alikutwa chini ya benchi la bustani mjini Hull, ng'ambo ya mto kutoka Ottawa, hajitambui. Alikuwa amekunywa pombe juu ya dawa za sonona. Mtu mwingine wa cheo chake angehangaika kuifunika habari hiyo. Yeye aliandika barua kwa redio ya taifa, CBC, ikasomwa hewani na nchi nzima ikasikia.

Huku kwetu tunamfahamu kwa Rwanda. Ndiye aliyekuwa kamanda wa walinda amani wa Umoja wa Mataifa, kikosi kilichoitwa UNAMIR, kuanzia Oktoba 1993 hadi Agosti 1994. Mauaji ya kimbari yalianza yeye akiwa Kigali, na yalipokwisha bado alikuwa Kigali.

Shutuma dhidi yake ni nyingi, na nyingine zinapingana zenyewe kwa zenyewe. Kwa familia za askari kumi wa Ubelgiji waliouawa Kigali Aprili 1994, yeye ni kamanda aliyepita kando ya miili ya vijana wake akaenda mkutanoni. Kwa Jacques-Roger Booh-Booh, mwanadiplomasia wa Kameruni aliyekuwa bosi wake wa kisiasa, alikuwa mtu wa waasi wa RPF aliyevaa kofia ya buluu, na mawakili waliowatetea watuhumiwa wa mauaji hayo kwenye mahakama ya kimataifa kule Arusha walilidaka hilo kwa mikono miwili. Paul Kagame naye, kamanda wa RPF, ambaye ndiye aliyesemwa kwamba anapendelewa, aliwahi kumweleza mwandishi wa Marekani Philip Gourevitch kuwa anamheshimu Dallaire kama mtu, lakini kofia aliyoivaa haiheshimu: walikuwa na bunduki na magari ya deraya, na watu wakauawa mbele ya macho yao. Kanada, kwa upande wake, ilimpa kiti cha seneti na kuzipa shule jina lake.

Ukizipanga shutuma hizo pamoja na sifa, utaona karibu zote zinarudi kwenye amri mbili zilizotoka New York. Ya kwanza ilimfikia Januari 1994, akaitii. Ya pili ilimfikia Aprili, akaikataa. Wanaomsifu hushika ya pili. Mwenyewe, kwa yote aliyoyaandika na kuyasema tangu hapo, hajawahi kubanduka kwenye ya kwanza.

Hakuna kitu katika maisha yake ya awali kilichomwandaa kwa lolote kati ya hayo. Alizaliwa Juni 1946 Denekamp, Uholanzi, baba yake akiwa sajini wa Kanada aliyepigana vita vya kuikomboa Ulaya na mama yake muuguzi wa Kiholanzi. Aliingia Kanada kwa meli akiwa mtoto wa miezi sita, akakulia mitaa ya wafanyakazi wa viwandani Montreal, na mwaka 1964 akajiunga na chuo cha kijeshi. Akachagua mizinga. Jeshi alilolitumikia lilikuwa jeshi la Vita Baridi, la mazoezi na ramani, likiwasubiri Warusi ambao hawakuja. Cheo kilipanda vizuri, mpaka akakabidhiwa brigedi ya Valcartier karibu na Quebec. Lakini vita hakuwa amepigana, na Afrika hakuwa ameikanyaga. Alipopigiwa simu katikati ya mwaka 1993 na kuulizwa kama yuko tayari kwenda Rwanda, kwa kukiri kwake mwenyewe ilibidi aulize kama nchi hiyo iko Afrika.

Msomaji wa hapa anaweza kucheka. Asicheke sana, maana kazi aliyotumwa kuifanya ilipikwa kwetu. Mkataba wa amani kati ya serikali ya Rais Juvénal Habyarimana na RPF ulisainiwa Arusha tarehe 4 Agosti 1993, Tanzania ikiwa msuluhishi na Balozi Ami Mpungwe akiibeba kazi hiyo meza kwa meza. Ulitaka serikali ya mpito isimame ndani ya siku 37, na kikosi cha kimataifa kiwepo kuilinda. Siku 37 zilipita Umoja wa Mataifa ukiwa haujapitisha hata azimio. Baraza la Usalama liliidhinisha UNAMIR tarehe 5 Oktoba, siku mbili baada ya Wamarekani 18 kuuawa Mogadishu. Kuanzia wiki hiyo hakuna aliyekuwa tayari kusikia habari ya askari wa kofia za buluu kufyatua risasi barani Afrika.

Dallaire alikuwa amepiga hesabu ya askari kama 5,000. Akapewa nusu yake, tena wakawa wanakuja kwa mafungu. Wabelgiji walikuja na silaha nzuri na kiburi cha nchi iliyowahi kuitawala Rwanda. Wabangladeshi walikuja wengi, bila vifaa na bila hamu. Magari ya deraya manane yaliletwa kutoka Msumbiji; matano tu ndiyo yaliyotembea, na vitabu vya maelekezo vilikuwa vya Kirusi. Bajeti ya kikosi ilipitishwa New York tarehe 4 Aprili 1994. Ndege ya Habyarimana ilidunguliwa tarehe 6.

Sasa ile amri ya kwanza.

Usiku wa tarehe 10 Januari 1994, Kanali Luc Marchal, Mbelgiji aliyesimamia askari wa jiji la Kigali, alikutana na mtu aliyejulikana kwa jina moja tu la Jean-Pierre. Mtu huyo alisema yeye ni mkufunzi wa Interahamwe, wanamgambo wa chama tawala. Alisema ameagizwa kuwaorodhesha Watutsi wa Kigali, na kwamba anaamini orodha hiyo ni ya kuwamaliza. Watu wake, alisema, wanaweza kuua watu 1,000 kwa dakika 20. Akaeleza pia kwamba upo mpango wa kuwachokoza askari wa Ubelgiji na kuwaua kadhaa ili Ubelgiji iondoke. Na zipo bunduki zisizopungua 135 zimefichwa; yuko tayari kuonyesha zilipo, mradi familia yake ilindwe. Kapteni Amadou Deme wa Senegal baadaye alikwenda kuhakikisha. Silaha alizikuta kwenye jengo la makao makuu ya chama tawala, MRND.

Dallaire alituma faksi New York, kwa Mkanada mwenzake, Jenerali Maurice Baril, aliyekuwa mshauri wa kijeshi wa Umoja wa Mataifa. Ukiisoma faksi ile leo, kinachoshangaza ni kwamba ruhusa ya kuvamia ghala hakuiomba. Alichoomba ni ulinzi wa mtoa habari. Uvamizi aliutaja kama jambo lililokwisha kuamuliwa, litafanyika ndani ya saa 36, na akamalizia kwa maneno ya Kifaransa ya kujitia moyo, kama kamanda anayewaambia vijana wake haya twende.

Jibu lilikuja upesi, kwa jina la Kofi Annan, aliyekuwa mkuu wa idara ya ulinzi wa amani, likiwa limesainiwa na msaidizi wake Iqbal Riza. Usivamie, hilo liko nje ya mamlaka yako. Nenda ukamweleze Rais Habyarimana yale uliyoambiwa, na uwajulishe mabalozi wa Marekani, Ufaransa na Ubelgiji. Kwa maneno mengine, kamanda aliyepashwa habari za siri kuhusu chama tawala aliagizwa akaipeleke habari hiyo kwa rais aliyetoka chama hichohicho. Akaenda. Jean-Pierre hakupata ulinzi, mawasiliano yakakatika.

Dallaire alirudia ombi Januari hiyo na Februari pia, akijibiwa vilevile. Tangu hapo wanajeshi na wanasheria wamebishana kuhusu siku ile. Mwenyewe alikuwa ameandika kanuni za matumizi ya nguvu za kikosi chake, na aya ya 17 ilisema kikosi kinaweza kutumia nguvu kuzuia jinai dhidi ya binadamu. Rasimu hiyo ilipelekwa New York, haikukataliwa wala haikuidhinishwa rasmi. Ofisa mwenye roho ngumu zaidi angesema kimya ni ridhaa. Angevamia kwanza, akapiga picha za bunduki zile mbele ya waandishi, kisha akasubiri kufukuzwa kazi.

Mimi niko karibu na wanaosema hivyo, ingawa ni rahisi kulisema hilo miaka 30 baadaye, umekaa kwenye kiti. Bunduki 135 zisingezuia mauaji ambayo sehemu kubwa yalifanywa kwa panga na marungu. Lakini waliokuwa wakipanga walikuwa wanampima, na baada ya Januari walijua kwamba ukimwonyesha Dallaire silaha, ataandika barua.

Tarehe 6 Aprili, Habyarimana alikuwa Dar es Salaam kwenye mkutano wa wakuu wa nchi za kanda, mwenyeji akiwa Rais Ali Hassan Mwinyi. Jioni alipanda ndege yake kurudi nyumbani, akampa nafasi Rais Cyprien Ntaryamira wa Burundi. Ilidunguliwa ikitaka kutua Kigali. Usiku huohuo Dallaire alikutana na Kanali Théoneste Bagosora wa Wizara ya Ulinzi, aliyekuwa ameshika usukani kana kwamba ni wake. Dallaire alimwambia kwamba kwa sheria mwenye mamlaka sasa ni Waziri Mkuu, Agathe Uwilingiyimana. Akapanga mama huyo asindikizwe redioni alfajiri azungumze na wananchi. Waliotumwa kumlinda ni askari kumi wa miamvuli wa Ubelgiji, chini ya Luteni Thierry Lotin.

Uwilingiyimana aliuawa asubuhi ile nyumbani kwake. Wabelgiji walinyang'anywa silaha na kupelekwa kambi ya jeshi ya Camp Kigali, wakapigwa na kundi la askari. Baadhi yao walijifungia kwenye kibanda na kupambana kwa saa kadhaa kabla ya kumalizwa.

Hapa ndipo pagumu. Dallaire alikuwa njiani kuelekea mkutano wa maofisa wa jeshi la Rwanda, kwenye gari la Mnyarwanda. Walipopita lango la kambi aliona watu wawili wamelala chini, wamevaa sare za Kibelgiji. Akamwambia dereva asimame. Dereva, ambaye ni ofisa wa jeshi la serikali, akakataa akisema askari wa mle ndani wamechachamaa. Gari halikusimama. Dallaire akaingia mkutanoni, Bagosora akiwa mwenyekiti, akazungumza na maofisa wale kuhusu kuuokoa mkataba wa Arusha. Habari ya Wabelgiji aliitaka kwa wakubwa baadaye, akaambiwa inashughulikiwa. Usiku alipelekwa hospitali ya Kigali. Nje ya chumba cha maiti, kwenye mwanga hafifu, palikuwa na rundo la miili iliyochanganyikana kiasi kwamba walihesabu kumi na moja. Walikuwa kumi.

Utetezi wake haujabadilika: hakuwa na askari wa kuvamia kambi iliyojaa wanajeshi, na kama angejaribu, kikosi kizima kingekuwa adui vitani. Kijeshi ni hoja nzito. Maofisa wengi waliopitia ramani za siku ile wanakubali kwamba uvamizi ungeongeza maiti. Hata hivyo lawama ya familia ipo mahali pengine, na sioni kama imejibiwa: kwa nini hakulisema pale pale, mbele ya maofisa wote, kabla ya neno lingine lolote? Pengine wawili aliowaona walikuwa wameshakufa, lakini wenzao walikuwa bado wanapambana. Mwaka 1997 seneti ya Ubelgiji ilifungua uchunguzi na ikataka kumhoji. Umoja wa Mataifa haukumruhusu kwenda kutoa ushahidi. Ripoti ikamkosoa bila kumsikia ana kwa ana, na Wabelgiji wakabaki na imani kwamba amejificha nyuma ya kinga ya kidiplomasia.

Ubelgiji nayo ina mambo yake. Siku chache baada ya mauaji ya Camp Kigali, ndege za Ufaransa na Ubelgiji zilitua Kigali na makomandoo wenye silaha kamili, zaidi ya elfu moja, kuja kuchukua wazungu wao. Nguvu ambayo Dallaire aliiomba miezi yote ilikuja, ikapakia, ikaondoka. Tarehe 11 Aprili, kikosi cha Kibelgiji kilichokuwa shule ya ufundi ya ETO, Kicukiro, kilifunga virago kikiwaacha watu kama 2,000 waliokimbilia hapo. Wengi wao waliuawa siku hiyohiyo. Kuhusu nani aliidhinisha askari wale kuondoka, Wabelgiji na Dallaire wametupiana mpira mahakamani na vitabuni. Serikali yao ilipoamua kujitoa kabisa, baadhi ya makomandoo walizichanachana bereti za buluu kwa visu mbele ya kamera.

Kisha ikaja amri ya pili.

New York ilitaka mpango wa kuondoka wote. Dallaire akasema hatoki. Tarehe 21 Aprili, Baraza la Usalama lilipitisha azimio namba 912 la kupunguza kikosi hadi watu 270, na hata hapo alibaki na kama 450. Sifa ya uamuzi huu hupelekwa kwake peke yake, filamu na vitabu vya Kanada vikishindana kumpamba, na hapa ni lazima nimtaje mtu mwingine. Naibu wake alikuwa Brigedia Jenerali Henry Anyidoho wa Ghana. Dallaire alipomwuliza kuhusu kuondoka, Anyidoho alimjibu kwamba Waghana watabaki, na alijibu hivyo kabla hajaiuliza serikali yake. Accra ikamkubalia. Bila jibu lile, Dallaire angekataa amri akiwa na maofisa wachache na bendera. Wengi wa waliobaki walikuwa Waghana, wenye silaha ndogo, wakila vyakula vya makopo vilivyopitwa na muda, wakilinda uwanja wa Amahoro, hospitali ya King Faisal na Hôtel des Mille Collines. Watu waliopona chini ya ulinzi huo wanahesabiwa kwa makumi ya maelfu. Sijaona Hollywood ikimtafuta mwigizaji wa kuwa Anyidoho.

Wala wa kuwa Kapteni Mbaye Diagne wa Senegal, ambaye alikuwa mwangalizi asiyebeba silaha. Siku zile za mwanzo aliwaficha watoto wa Waziri Mkuu aliyeuawa, kisha akaendelea kuvusha watu wachache wachache kwenye vizuizi, akiwatania Interahamwe na kuwagawia sigara. Aliuawa na kombora tarehe 31 Mei 1994, garini, kwenye kizuizi. Mwaka 2014 Baraza la Usalama lilianzisha nishani yenye jina lake. Diagne hakuwa na ruhusa ya kufanya alichokuwa anafanya. Dallaire alijua, akanyamaza.

Katika wiki hizo kamanda alianza kuvunjika. Pale makao makuu alikuwa amefuga mbuzi. Kigali ilikuwa imejaa mbwa walionenepa kwa kula maiti, na siku moja kundi la mbwa likawavamia mbuzi wale. Dallaire alitoka mbio na bastola, akafyatua risasi mpaka zikaisha. Alipogeuka akakuta maofisa wake wamesimama wanamtazama. Yeye mwenyewe ameisimulia siku hiyo kama siku aliyojiona kwa macho yao. Hatimaye aliomba aondolewe.

Kuhusu upendeleo kwa RPF, nitasema kwa kifupi kwa sababu ushahidi wake ni mwembamba. Booh-Booh aliandika kitabu kizima mwaka 2005 kumjibu, akidai Dallaire alikuwa akikubaliana na waasi kisirisiri. Dallaire, katika maandishi yake, alikuwa amemchora Booh-Booh kama bosi mzembe, aliyekuwa karibu mno na watu wa Habyarimana. Wawili hawa waliongoza kazi moja huku hawaaminiani, na hilo peke yake ni kashfa ya waliowateua. Ufaransa nayo ilimwona adui, maana ilipotuma jeshi lake kusini magharibi mwa Rwanda mwezi Juni, kwa operesheni iliyoitwa Turquoise, hakuficha ghadhabu: aliamini waliokuwa wakiwafunza askari wa Habyarimana wanakuja kuwafungulia njia ya kutorokea. Lakini mtu wa RPF asingeandika alichokiandika kuhusu Kagame, kwamba alipigana polepole kutafuta ushindi kamili wakati Watutsi wa ndani wakiisha.

Wakati huo sisi upande huu tulikuwa tunapokea matokeo. Mwishoni mwa Aprili watu zaidi ya 200,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara kwa muda wa siku moja hivi, na miongoni mwao walikuwa waliokimbia na waliosababisha wenzao wakimbie. Mto Kagera ulileta miili hadi Ziwa Victoria, na wavuvi wakakosa wanunuzi. Meza ya Arusha ilikuwa yetu. Katika hukumu zote tunazompa Dallaire, sijaona uchunguzi wetu wenyewe wa mkataba ule: nani alikaa pale akijua kwamba Bagosora na wenzake hawautaki, na alimwambia nani.

Dallaire mwenyewe alifika Arusha, lakini kizimbani mwa mashahidi. Februari 1998 alitoa ushahidi katika kesi ya Jean-Paul Akayesu, meya wa Taba, ambaye Septemba mwaka huo alikuwa mtu wa kwanza duniani kutiwa hatiani kwa mauaji ya kimbari na mahakama ya kimataifa. Alipoulizwa kama kikosi chenye nguvu kingeweza kuzuia mauaji, alijibu bila kusita kwamba kingeweza. Januari 2004 alirudi tena, safari hii kumkabili Bagosora, na mawakili wa utetezi wakamchimba kwa siku kadhaa: faksi, mbinu, RPF, kumbukumbu yake. Bagosora alihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2008, kikapunguzwa na rufaa hadi miaka 35, na alifariki mwaka 2021 akiwa anatumikia kifungo Mali.

Hilo jibu lake la 1998 lina ugomvi wake wa kitaalamu. Dallaire hudai askari 5,000 waliofunzwa vizuri wangetosha kama wangefika mapema. Kanali Scott Feil wa Marekani aliandika ripoti ya kumuunga mkono. Mwanazuoni Alan Kuperman akapinga: mauaji yalikwenda kasi mno, na ndege za kubeba jeshi lenye uzito huo zingechukua wiki nyingi kufika nchi isiyo na bahari. Kuperman ana hoja kwa upande wa usafirishaji. Lakini anawahesabia askari wa kutoka Marekani, wakati Wafaransa na Wabelgiji waliokuja kuchukua raia wao walikuwa wameshatua Kigali katika wiki ya kwanza, na hawakuhitaji kubebwa tena. Mwaka 1999 tume iliyoongozwa na Ingvar Carlsson, waziri mkuu wa zamani wa Sweden, ilieneza lawama kila mahali: ofisi ya Katibu Mkuu, idara ya Annan, Baraza la Usalama, na uamuzi wa kijeshi ndani ya UNAMIR pia. Hakuna aliyepoteza kazi. Annan, ambaye jibu la Januari lilitoka kwa jina lake, alikuwa ameshakuwa Katibu Mkuu.

Kule Kanada mjadala ulikuwa mwingine kabisa. Jenerali kukiri hadharani kwamba akili yake imeumia lilikuwa jambo geni. Baadhi ya askari wa zamani waliona aibu. Wengine, hasa waliotoka Bosnia na Somalia, walianza kwenda kwa madaktari. Waziri Mkuu Paul Martin alimteua seneta mwaka 2005. Huko nako hakukaa kimya. Mei 2008 aliiambia kamati ya bunge kwamba Kanada, kwa kumwacha Omar Khadr Guantánamo, inajishusha kuwa sawa na magaidi inaodai kupambana nao. Khadr alikuwa Mkanada aliyekamatwa Afghanistan akiwa na miaka 15. Wabunge wa serikali walimvaa Dallaire, magazeti yakamzodoa. Mwaka 2017 serikali ya Kanada ilimwomba Khadr radhi na kumlipa fidia. Kwa hilo jenerali aliwahi mno kuwa sahihi.

Desemba 2013 aligongesha gari lake nje ya bunge baada ya kusinzia kwenye usukani. Alieleza kwamba halali usiku, kumbukumbu ya miaka 20 inakaribia. Mwaka uliofuata alijiuzulu useneta.

Kazi anayoifanya tangu hapo imekuwa moja: watoto wanaobebeshwa bunduki, wale ambao Kongo imewazoea kwa jina la kadogo. Mpango aliouanzisha mwaka 2007 sasa ni taasisi kwenye Chuo Kikuu cha Dalhousie, Halifax, na ina ofisi Kigali. Wanajeshi na polisi wa nchi mbalimbali za Afrika hupita kwenye mafunzo yake. Sehemu kubwa ya mafunzo hayo ni kumpa askari maelekezo kabla hajapelekwa: afanye nini akisimamishwa kwenye kizuizi na mtoto wa miaka 12 mwenye bunduki, nani ana mamlaka ya kuamua, na amripoti kwa nani. Maelekezo hayo yamekwisha kuandikwa, na askari anaondoka nayo mfukoni.